Jina Letu, Saa Mbili Asubuhi

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza rasmi. Ile ya wiki iliyopita ilipita kusalimia tu. Hii imekuja na virago vyake. Mama anasema magoti yake yalijua tangu Alhamisi, na amenikumbusha hilo mara kadhaa kabla hata chai haijachemka. Nami nimetoa daftari hili kabatini. Huwa naandika msimu wa mvua peke yake. Kiangazi mto umelala, na mpima mto akiamka hana la kusema.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kusoma mto. Asubuhi nashuka ngazi za zege nyuma ya kituo, natazama maji yamefika namba gani kwenye nguzo yenye mistari myekundu, napima kopo la mvua, halafu napanda chumba cha redio. Saa mbili kamili nawaita watu wa kituo cha chini, ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo zamani sisi tulikuwa mkoa wake, na ambayo mpaka leo inasema sisi bado ni mkoa wake. Maji yanayopita kwetu asubuhi hii, kesho alfajiri yako kwao. Maji hayana pasipoti. Sisi tunazo, tena nzuri, za karatasi nene, ila hakuna uwanja wa ndege duniani unaozigonga muhuri. Kazi yake kubwa ni kupepea joto.

Sheria yetu inasema kila wito uanze na jina la nchi yetu kwa kirefu, maneno yote manne. Sheria yao inasema wito wowote wenye jina hilo ujibiwe neno moja: "Sikusikii." Basi tangu mpaka ufungwe, nawaita, najitaja, na mzee mmoja wa sauti ya mikwaruzo ananijibu kuwa hanisikii. Leo ilikuwa hivi.

"Hapa ni kituo cha juu cha mto," nikasema, nikataja jina lote, kama la bwana harusi. "Nakuita kituo cha chini. Ova."

"Sikusikii," akajibu.

"Mita mbili nukta tatu. Maji yanapanda polepole. Ova."

"Sikusikii kabisa. Umesema nukta tatu au nukta nne?"

"Nukta tatu."

"Haya, basi sikusikii. Na yule dada wa mkate hapa jirani naye hakusikii. Kikohozi kimemwacha. Ova."

Dada wa mkate ni dada yangu. Mama hakuuliza mto ukoje niliporudi. Aliuliza, "Dada yako ameamkaje?" Nikamwambia kikohozi kimekwisha. Akala vizuri leo.

Jumanne, Machi 4

Mbili nukta sita. Hakunisikia.

Ijumaa, Machi 7

Nyuma ya mlango wetu kuna mwavuli wa buluu unaoning'inia kwenye msumari. Ni wa Dada. Alikuja kumwona Mama, akaondoka mvua imekatika, akausahau. Alipofika njiani alimwagiza dereva aje atuambie, "Uacheni hapohapo, nitaufuata." Wiki ileile mpaka ukafungwa. Watoto wa jirani waliokuwa wanabebwa mgongoni siku ile sasa wana ndevu, na mwavuli uko palepale. Hakuna anayeruhusiwa kuutumia. Mimi hunyeshewa nao ukinitazama.

Simu za kwenda kwao zimekatwa. Barua zinazungukia nchi ya tatu, zinarudi na stempu ya watu wengine, na habari iliyomo imeshachacha. Kilichobaki ni yule mzee na kutosikia kwake. Sijawahi kumwona. Simjui jina. Namwita Bwana Sikusikii, na namjua kuliko ninavyowajua wajomba zangu wawili.

Jumatano, Machi 12

Wizara imetuletea mtu kutoka mji mkuu. Anatoka idara ya itifaki, na viatu vyake vinaonyesha. Aliteremka ngazi za mto kama mtu anayeingia kisimani. Mama, ambaye hapitwi, ameshampa jina: Bwana Itifaki.

Anasema mwezi ujao inakuja tume ya mataifa, watu watatu, kutazama kama tunastahili kuitwa nchi. Watapita mahakamani, benki, shuleni, na kwetu hapa, kwa kuwa kituo chetu ndicho pekee kinachozungumza na ng'ambo kila siku.

"Hatuzungumzi," nikamwambia. "Wao hawatusikii."

"Ndiyo hasa ninachotaka wageni wasikie," akasema. "Kwamba tunajitaja kila siku, bila kukosa, kwa jina letu. Huo ni ushahidi."

Nikamwambia sisi tulishaamua zamani kuwa ni nchi. Akasema mwenye nyumba anaweza kuamua apendavyo, lakini kama hakuna jirani anayebisha hodi, ile ni nyumba au gofu? Sipendi watu wanaoniacha bila jibu kabla ya saa nne asubuhi.

Amefunga kinasa sauti mezani. Kila wito utaingia kwenye kanda.

Jumanne, Machi 18

Leo nilitaja jina, nikasema mita tatu nukta moja. Bwana Sikusikii akajibu taratibu, bila ova, bila utani.

"Mwanangu, sikusikii. Na kuanzia kesho hutanisikia na mimi. Wamesikia kwamba ninasikia."

Nikauliza nani atakuja. Akasema mtu aliyesoma, kijana, mwenye kufuata mambo. Akasema, "Dada yako amebadilisha bati la tanuri. Mwambie mama yenu." Akakata.

Sikuwahi kumwambia asante. Kumshukuru mtu kwa kukusikia, wakati kazi yake ni kutokusikia, kungekuwa kumchongea. Nimelia chooni ili Bwana Itifaki asione.

Jumatano, Machi 19

Niliita. Nilipofika neno la pili la jina letu, redio ikalia "kh", ikafa. Huyo mpya wa kule amezima. Mita tatu nukta mbili zimebaki mdomoni mwangu.

Alhamisi, Machi 20

Kh.

Jumatatu, Machi 24

Kh, kila siku. Bwana Itifaki anaicheza kanda tena na tena, uso umemkunjamana. Anadai labda sitamki vizuri. Leo ameniambia nitaje jina polepole zaidi, kwa heshima zaidi, kwa sababu wageni watasikiliza.

Nikamwuliza kama anajua nani alilitaja jina hilo redioni mara ya kwanza. Hakujua. Nikamwambia alikuwa baba yangu, kwenye kiti hiki ninachokalia, asubuhi baada ya tangazo la uhuru wetu. Mimi nilisimama mlangoni na chupa ya chai. Baba alikuwa mtu wa kufokea hata mvua, lakini siku ile sauti ilimtetemeka kama ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. Alipomaliza alinigeukia akasema, "Sasa tumezaliwa." Mwaka wa pili akafa, na kiti nikakirithi mimi.

"Kwa hiyo usinifundishe kulitamka," nikamwambia.

Bwana Itifaki alitazama viatu vyake, ambavyo sasa vina matope mpaka kwenye kamba.  Jioni alimletea Mama sukari.

Mama haulizi tena Dada ameamkaje. Anauliza, "Kumezima tena?"

Jumanne, Aprili 1

Mita tatu nukta tisa. Kh.

Mvua ilitufungia kituoni mchana kutwa, mimi na Bwana Itifaki na birika moja. Nikamwuliza ndani ya ule mkoba anaoulinda kuna nini, kwa kuwa hata chooni anakwenda nao. Alisita, akaufungua. Akatoa kibao, kile cha kuweka mezani mbele ya mjumbe kwenye mikutano, kimeandikwa jina la nchi yetu kwa herufi za dhahabu.

Anasema amekwenda nacho mikutano mingi ya mataifa. Akifika humwambia karani wa mlangoni anatoka wapi, karani anatafuta, anamwambia kwa upole hawapo. Wanampa kiti cha korido, karibu na mashine ya maji ya kunywa. Anasikia makofi ya ndani kupitia mlango. Mara moja tu, wakati wa chakula cha mchana, ukumbi ulipokuwa mtupu, aliingia akaweka kibao kwenye meza, mahali petu kwa alfabeti, akakaa nyuma yake. Alikaa mpaka mfagiaji alipoingia.

"Mfagiaji alisemaje?" nikauliza.

"Aliniomba ninyanyue miguu."

Nilicheka, naye akacheka. Nilikuwa nimemwona kama mtu wa kutuletea karatasi na maringo. Kumbe ni mtu aliyesimama mlangoni maisha yake yote akiwa na jina mkononi. Nimemwongezea chai bila kuombwa.

Jumatatu, Aprili 7

Mita nne nukta mbili. Mama ameniuliza ni kosa la nani, letu au lao. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Sisi tulichukua kapu mapema mno." Kisha akaniagiza nimtafutie miwani yake, na ilikuwa usoni.

Nilitaka kumwambia kuwa ninachokitamani si kikubwa. Nataka nchi ya dada yangu iniite jina langu mara moja tu, na siku ya pili nichukue mwavuli ule nikampelekee mwenyewe. Mambo haya mawili kwangu ni jambo moja. Sikumwambia, kwa kuwa alikuwa anafurahia kuipata miwani.

Ijumaa, Aprili 11

Mita nne nukta nane. Kh. Wageni wanafika Jumatano.

Jumanne, Aprili 15

Mita tano. Namba ya mwisho kwenye nguzo ni sita, na sijawahi kuiona ikiguswa. Bwana Itifaki amepiga pasi kitambaa cha meza ya kituo. Amefanya mwenyewe, akaunguza pembe, akaigeuzia ukutani.

Jumatano, Aprili 16



Niliamshwa na mawe. Mto ukijaa sana mawe ya chini hugongana, unayasikia mpaka kitandani. Nilipofungua mlango mvua ilikuwa inamwagika kama ukuta, na koti langu bado limelowa mvua ya jana. Mama alitoka chumbani akaenda nyuma ya mlango, akauangua mwavuli wa buluu kwenye msumari, akanipa.

"Chukua," akasema. "Ni wake, na kazi hii ni yake."

Ngazi saba za chini zilikuwa zimeshamezwa. Maji yalikuwa yameipita namba sita. Nilikuwa bado nimeduwaa pale dereva mmoja wa lori alipokuja kwa miguu kutoka milimani, lori amelitelekeza, akaniambia ukingo wa bwawa la juu umekatika usiku. Yaani haya niliyokuwa nayatazama yalikuwa kionjo tu. Furiko lenyewe lingetupitia adhuhuri. Sisi tuko juu ya kilima, litatuchukulia vibanda na kuku. Lakini kule chini kuna mji mzima uliolala ufukweni, na lingewafikia kabla ya mapambazuko, watu wakiwa kitandani. Wote isipokuwa waoka mikate, ambao huamka kabla ya watu wengine ili wawashe tanuri. Duka la Dada ndilo la mwisho kabla ya maji.

Nilipofika chumba cha redio, wageni walikuwa wamefika. Barabara ilikuwa inakatika nyuma yao, kwa hiyo walikuja mapema. Mwanamume mrefu mwenye viatu vipya vya mvua, mwanamke anayeandika muda wote, na mkalimani. Bwana Itifaki alikuwa anawamiminia chai. Akaniona nimelowa, akataka kunitambulisha. Nikampita nikakaa kitini. Saa mbili ilikuwa bado kidogo. Sikungoja.

Nikaita kwa jina letu. Kh.

Nikaita tena. Kh.

Nikamweleza Bwana Itifaki kwa maneno machache. Alibadilika rangi. Akamgeukia Mgeni Mrefu, akamwomba awasiliane na watu wa ng'ambo, kwa kuwa yeye wanamtambua. Mgeni alisikiliza kwa makini sana, lazima niseme hivyo. Akajibu kuwa akifika hotelini kwake mji mkuu atapiga simu ofisini kwao, na ofisi yao itawaarifu kwa njia zinazostahili. Mkalimani alilitafsiri hilo huku akitazama dirisha. Kutoka hapa hadi mji mkuu ni mchana mzima, kama madaraja yapo.

Nikashika redio mara ya tatu. Safari hii sikutaja jina lolote. Nilisema, "Kituo cha chini, bwawa limekatika huku juu, maji yanakuja kwenu, ondoeni watu. Ova."

Haikulia kh. Ikaja sauti ya msichana, nyororo, yenye baridi ya mtu anayesoma kitu kilichobandikwa ukutani.

"Nani anaita? Taja kituo chako. Ova."

Nikataja jina letu. Kh.

Niliita tena bila jina. "Nani anaita?" akarudia. "Siwezi kupokea tahadhari isiyo na kituo. Taja kituo chako. Ova." Na safari hii nilisikia kitu chini ya sauti ile. Alikuwa anaogopa. Alitaka nimpe neno ambalo angeweza kuliandika.

Chumba kizima kilinitazama. Kanda ilikuwa inazunguka. Nilimtazama Bwana Itifaki, mkoba wake kifuani.

"Siwezi kukuruhusu," akasema kwa sauti ya chini.

"Sijakuomba," nikasema.

Angeweza kunyoosha mkono akaing'oa waya ya redio, ilikuwa karibu na goti lake. Hakunyoosha mkono.

Nikafumba macho, kwa kuwa sikutaka kumwona Baba akinitazama. Nikasema, kwa jina letu la zamani, "Hapa ni kituo namba tisa, mkoa wa kaskazini."

"Nakusikia, namba tisa," akasema papo hapo. "Endelea."

Miaka yote hii nimetamani sauti kutoka ng'ambo iseme nakusikia. Nimeiwaza nikiwa jikoni, nimeiwaza nikishuka ngazi. Ikaja, na iliniumiza kama kofi, kwa kuwa hakuwa ananisikia mimi. Alikuwa anamsikia yule mtu wa mkoa tuliyemzika siku ile ya chupa ya chai. Nikampa namba zote. Nikamwambia saa. Nikamwambia aanzie na mtaa wa ufukweni, aanzie na duka la mkate. Alirudia kila neno ili kuhakikisha. Mwishoni akasema, "Asante, mkoa wa kaskazini. Ova," nami nikazima kabla sijasikia lingine.

Yule mwanamke alikuwa ameacha kuandika. Mgeni Mrefu alimwuliza mkalimani jambo, mkalimani akamjibu, Mgeni akatikisa kichwa polepole. Chai ilikuwa imepoa. Bwana Itifaki alizima kinasa sauti, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

Furiko lilipita adhuhuri. Lilichukua nguzo yangu ya vipimo yote.

Alhamisi, Aprili 17

Hatujui lolote. Mama amekaa kitandani na mwavuli mapajani.

Jumamosi, Aprili 19

Redio yao imetangaza. Haikutangaza mafuriko, ilinitangaza mimi mwenyewe. Kumbe nao walikuwa wananasa sauti. Sauti yangu, safi kabisa, "kituo namba tisa, mkoa wa kaskazini," na mtangazaji akasema hata watu wa kaskazini wenyewe wanajua wao ni nani. Wakairudia kwenye taarifa ya mchana na ya jioni. Kuhusu waliokufa au kupona, walisema hali imedhibitiwa.

Alhamisi, Aprili 24

Tume imeondoka. Uamuzi wao juu yetu umeahirishwa mpaka watakapojiridhisha. Mimi nimesimamishwa kazi. Bwana Itifaki ameitwa mji mkuu.

Sokoni muuza nyanya alinihudumia wa mwisho, halafu akauliza, "Mkoa, unachukua fungu moja au mawili?" Watu wakacheka. Alikuwa na mwanafunzi mmoja tu katika familia yao, na cheti chake hakikupokelewa popote nje. Alitegemea tume hii kuliko anavyotegemea mvua. Nikachukua fungu moja. Siwezi kumkasirikia, na hilo ndilo linalonikera.

Jumatano, Aprili 30

Naota Baba. Hanifokei. Ananiomba chai tu.

Jumatatu, Mei 5

Nimemwambia Mama kama Dada amekufa, nitakuwa nimeiuza nchi bure. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Na kama yuko hai, umeiuza?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi chambua mchele."

Ijumaa, Mei 9

Bwana Itifaki amerudi, na sanduku lake la nguo. Wamemhamishia hapa moja kwa moja. Wakubwa walimwuliza kwa nini hakuing'oa waya. Aliwaambia alikuwa amesimama karibu nayo kuliko mtu yeyote, na hakutaka, na kama kuna kosa basi liandikwe kwa majina mawili. Wakaona adhabu inayomfaa ni kuuangalia mto.

"Na mimi?" nikauliza.

"Unarudi kazini kwa onyo. Niliwaambia sijui hata kupima kopo la mvua."

"Nitakufundisha."

"Usiharakishe," akasema.

Amesimika nguzo mpya na fundi wa zege. Kile kibao chenye herufi za dhahabu amekiweka juu ya meza ya redio, kikitazama kiti changu. 

Jumatatu, Mei 12

Mvua imebaki ya manyunyu. Nilishuka, nikasoma: mbili nukta nane. Nilipanda nikakaa mbele ya kibao. Bwana Itifaki alikuwa mlangoni na birika. Saa mbili ilipofika nilibonyeza, nikalitaja jina letu, maneno yote manne, si polepole wala haraka. Sauti ilinitetemeka. Nilikaza taya nikingoja kh.

Haikuja. Palikuwa na mtu upande wa pili, akipumua. Kisha ile sauti ya msichana ikasema:

"Sikusikii."

Nilimtazama Bwana Itifaki.

"Sikusikii," akarudia. "Rudia mita."

"Mbili nukta nane," nikasema. "Yanashuka."

"Nukta nane au nukta saba?"

"Nukta nane."

"Basi sikusikii kabisa. Mzee aliyekuwa hapa kabla yangu amenifundisha kutosikia."  Ubaridi ukamtoka sautini. "Na dada wa mkate naye hakusikii. Tanuri limekwenda na maji, duka lote limekwenda. Yeye yuko shuleni juu na wenzake, anakanda unga kwenye madawati. Anauliza mwavuli wake. Ova."

Bwana Itifaki aliweka birika chini. Nilitembea nyumbani na manyunyu yale bila koti. Mama alikuwa kizingitini, hakunipa nafasi ya kuvua viatu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema hawatusikii, Mama."

Alifumba macho, akashika mlango. "Basi ameamka salama," akasema, akaingia ndani kuutundika mwavuli kwenye msumari wake.